Bi Mize na Zimwi la Maji Moto

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale. Alikuwako msusi wa mikeka, Bi Mize, mwenye baridi yabisi. Kila alfajiri vidole vyake vilikakamaa, visikunjike mpaka jua lipande.

Akajaribu tangawizi, maumivu yakabaki. Akajaribu mafuta ya nyonyo, yakabaki. Akawaacha nyuki wamuume mikono yote miwili, yakabaki. Ikasalia chemchemi ya maji moto, yenye zimwi lililokwisha kula watu watatu, wote baada ya jua kupanda.

Bi Mize akatazama vidole vyake, akawaza, akaenda alfajiri.

Alipotumbukiza mikono tu, zimwi likamrukia begani. Lakini vidole vya zimwi havikukunjika kumshika.

"Kumbe nawe unayo," akasema Bi Mize.

"Miaka mia sasa. Maji haya hayaponyi, yanatuliza tu."

"Yatanitosha. Nina mikeka ya kumaliza. Hebu jisogeze."

Tangu siku hiyo huketi pamoja kila alfajiri, mikono majini. Kidole cha kwanza cha Bi Mize kikikunjika, hakai hata kuaga. Anajua na vya mwenzake viko njiani.