Blanketi la Milembe

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa vizuri?

Tumekaa.

Basi sikilizeni. Hapo kale sana, kabla bibi zenu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji huko juu kwenye nchi ya baridi. Kijijini hapo aliishi mfumaji, Bibi Nyamizi, ambaye wazee bado wanamtaja. Alifuma kwa kijiti kimoja tu, kirefu, chenye kikulabu nchani, na kwa uzi wa rangi mbili, mweupe na mwekundu.

Kijijini hapohapo aliolewa mwanamke kijana, Kalunde. Mumewe, Shija, alikuwa mgane, mwenye binti mdogo aitwaye Milembe. Mtoto hakuwa mkorofi. Ukimpa chakula, anakula. Ukimtuma maji, anakwenda. Ila kusema na Kalunde, hasemi. Ananyamaza, jii, akikumbatia blanketi lenye mchoro wa nyekundu na nyeupe alilofumiwa na marehemu mama yake.

Siku moja mbuzi akalikuta limeanikwa. Akatafuna, tafu, tafu, tafu. Mtoto akalivuta, na uzi nao ukafumuka, prrr, pembe nzima ya blanketi ikaisha. Milembe hakulia. Alikaa chini akaukusanya uzi ule mkononi, na hilo ndilo lililomuumiza Kalunde zaidi ya kilio.

Kesho yake akamletea shuka jipya, zito, zuri. Milembe akalikunja vizuri, akaliweka nje ya mlango wa Kalunde.

Kalunde akaondoka, tiki tiki tiki, mpaka kwa mfumaji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekushuka?"

Kalunde akamweleza yote. Akasema, "Naomba unifumie lingine kama lile."

"Nikikufumia mimi, litakuwa langu," akasema Bibi Nyamizi. "Vuta kigoda. Utafuma mwenyewe."

Akampa kijiti. Akamwonyesha kutengeneza mnyororo wa vitanzi, kisha kuingiza kikulabu kwenye kila kitanzi na kuokota uzi, bila kuachia hata kimoja, mpaka kijiti kikajaa.

"Sasa nigeuze?" akauliza Kalunde.

"Usigeuze. Rudi ulikotoka. Vuta uzi upite kwenye vitanzi viwili, viwe kimoja. Tena viwili, viwe kimoja. Ukienda unaokota, ukirudi unafunga."

Okota, okota, okota. Funga, funga, funga.

Kipande cha kwanza kikajikunja kama jani kavu. Kalunde akakinyoosha, kikajikunja tena.

"Unakaza kama unamfunga ng'ombe," akasema Bibi. "Fumua, ulegeze mkono."

Akafumua, prrr. Akaanza upya. Okota, okota, okota. Funga, funga, funga. Mkono ulipolegea, Bibi akamfundisha rangi. Mstari mweupe, kwenda na kurudi. Mstari mwekundu, kwenda na kurudi.

"Na ule mchoro unatoka wapi?"

"Chini. Pale unapotaka nyekundu ionekane juu ya nyeupe, usiokote mstari wa juu. Shuka kwenye mstari mwekundu wa chini, kamata hapo, vuta mpaka juu, ufunike kitanzi cheupe. Uzi ni mmoja kila mstari. Macho ndiyo yanadhani umechanganya."

Kalunde akashuka, akakamata, akavuta. Nyekundu ikapanda. Akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Akaomba mchoro wa mama yake Milembe. Bibi Nyamizi akatikisa kichwa.

"Mishono nilimfundisha mimi. Mchoro aliubuni mwenyewe akiwa mjamzito. Siujui."

"Nani anaujua?"

"Anayelala nao. Lakini usimwombe blanketi lake. Fumia mahali anapokuona. Ukikosea, kosea palepale, usifiche."

Kalunde akafanya hivyo. Kila akimaliza kazi, anaketi uani na kijiti chake. Okota, okota, okota. Anakosea. Anafumua, prrr. Milembe anapita, anatupa jicho, anakwenda zake. Siku nyingine akasimama kidogo. Nyingine akaegemea ukuta. Kalunde anafuma mchoro kwa kukisia, na kila siku unatoka kombo. Moyo ukaanza kumwambia aache.

Hata siku moja, sauti ndogo ikasema nyuma yake, "Hapo hushuki."

Kalunde hakugeuka. Aliogopa hata kupumua. "Nafanyaje hapo?"

"Unaokota viwili vya juu kwanza. Ndiyo unashuka. Mama alikuwa anasema hivyo."

Akaokota viwili. Akashuka. "Na baada ya hapo?"

Kalunde akangoja. Kisha mtoto akaja, akalitandaza blanketi mapajani mwa Kalunde, akafuata mchoro kwa kidole. Wakafumua pembe iliyotafunwa mpaka wakaufikia mstari mzima, vitanzi vikapandishwa kijitini, na kazi ikaanza.

Lakini uzi wa zamani haukutosha. Wakaongeza mpya, na wekundu wake ulikuwa mkali kuliko ule. Kalunde akalipeleka kwa Bibi Nyamizi kwa wasiwasi, Milembe akimfuata nyuma.

"Panaonekana, Bibi. Nimejaribu, lakini panaonekana."

Bibi akamtazama mtoto. "Mwenye blanketi anasemaje?"

Milembe akapapasa pembe ile. "Huku alifuma mama," akasema. "Huku amefuma mama Kalunde."

Kalunde akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta uzi ulioanguka.

"Paache paonekane," akasema Bibi Nyamizi, akamnyooshea Milembe kijiti. "Kaa, mjukuu wangu. Ukienda unaokota."

"Ukirudi unafunga," akasema Milembe, akaketi.

Basi wasikilizaji wangu, mtoto aliyefiwa usimletee kitu kipya ukamwambia asahau. Kaa karibu naye, umuulize alichoachiwa, naye atakuonyesha mahali pako.

Mimi nimefika nilipokuwa nakwenda. Hadithi nimeiweka chini; anayeitaka aiokote.