Kwa Nini Brindisi Ina Nguzo Moja na Kisiki

Enzi zile mawe yalipokuwa bado na masikio, na machache kati ya hayo yakiwa na midomo, mji wa Brindisi ulikuwa na nguzo mbili. Nasema mbili nzima, ndefu, za marumaru, zimesimama bega kwa bega juu ya ngazi pana zinazopanda kutoka majini. Nyie mliozoea kuona moja na kisiki chake, tulieni kwanza, mtajua kisiki kilitoka wapi.

Kwa wale ambao hawajawahi hata kuusikia mji wenyewe: Brindisi uko kule kusini mwa Italia, kwenye kisigino cha nchi, na bandari yake imekaa kama kichwa cha kulungu. Bahari inaingia kwa mlango mwembamba, kisha inagawanyika pembe mbili za maji, na mji umekaa katikati ya pembe hizo kama umepakatwa. Barabara kubwa ya Roma iliteremka nchi nzima ikijigamba, ikavuka milima, ikapita mashamba ya mizeituni, na ilipofika hapo ikakutana na maji. Ikakwama. Barabara haiogelei. Basi watu wa kale wakaipa nguzo mbili pale mwisho, ili isijione imeshindwa mbele za watu.

Nguzo hizo zilikuwa ndugu, lakini hazikufanana tabia. Ya kwanza iliitwa Nguzo ya Kuaga. Kila aliyeondoka kwa bahari, awe askari, mfanyabiashara au mtu anayekwenda kuhiji, aliipiga kofi la upole, akaibusu, na jamaa zake wakaimwagia divai miguuni. Mnadhani jiwe halileweshwi na sifa? Nguzo ile ilijigeuza ikautazama mji, ikaipa bahari mgongo, ili isikose busu hata moja. Ya pili iliitwa Nguzo ya Kupokea. Hiyo iliitazama bahari siku zote. Haikuwa na mdomo, na busu lilikuja pale tu mtu aliporudi. Ndugu yake ilikuwa inaicheka. "Bubu wewe," ilikuwa ikisema, "umesimama kama mwanamke aliyesusiwa sokoni."

Watu wa Brindisi nao walikuwa na desturi yao. Walikuwa wakioka mkate wa shayiri wenye tundu katikati, wanauoka mara mbili mpaka unalia kama kigae ukiugonga. Mkate huo hauozi, na huwezi kuula bila kuuchovya kwanza, na mabaharia waliuchovya katika maji ya bahari. Mtu akitaka kuondoka, mkewe anauvunja mkate mmoja vipande viwili. Kimoja anaondoka nacho kifuani. Cha pili kinafungwa kwenye kamba iliyozungushwa Nguzo ya Kupokea. Akirudi, vipande vinaunganishwa, na kama meno ya mvunjo yanakubaliana, basi ni yeye kweli, aingie nyumbani. Walikuwa hawaamini ndevu, wale watu. Ndevu zinabadilika.

Ila kulikuwa na siku moja chungu. Kila mwaka zabibu zikishavunwa zote, inakuja Siku ya Kushusha. Siku hiyo kengele zote za mji zinanyamazishwa tangu alfajiri, na vipande vyote vya mikate ambavyo wenyewe hawajarudi vinashushwa, vinasagwa mkononi na kurushiwa shakwe. Mke wa mtu huyo anarudi nyumbani amevaa nguo nyeusi, na jina la mumewe haliitwi tena mezani. Walisema ni huruma, mtu asingoje mpaka akauke.

Sasa mwaka huo kulikuwa na mwanamke anaitwa Cosima, mwokaji, mikono ina unga mpaka viwikoni, na mdomo wake hata samaki waliufahamu. Mumewe, Vito, alikuwa ameondoka na jahazi la mafuta ya zeituni tangu majira ya maua, na alipaswa kurudi kabla ya zabibu kuiva. Zabibu zikaiva. Zikachumwa. Zikakanyagwa. Vito hakuonekana, wala jahazi, wala hata ubao wake mmoja.

Siku ya Kushusha ikafika na ukungu. Ukungu mzito, mweupe, umeziba pembe zote mbili za bandari kama maziwa kwenye bakuli. Watu walikusanyika juu ya ngazi, wamenyamaza. Mzee Pantaleo, mtunza kamba, alianza kufungua mafundo. Cosima alisimama mbele kabisa pamoja na mama mkwe wake, Nunziata, aliyekuwa amevaa nyeusi miaka mingi, kwa kuwa mkate wa mume wake ulishaliwa na shakwe zamani.

Cosima alikuwa hatazami mafundo. Alikuwa anatazama mikate. Ilikuwa inagongana, ko ko ko, na upepo hakuna.

"Mzee Pantaleo," akasema, "mbona inacheza?"

"Inacheza kwa sababu naishika, binti."

"Hujaifikia hiyo ya huku."

"Basi nguzo inasikia baridi. Wewe leo umekuja kuomboleza au kukagua?"

Watu wakacheka kidogo, wakakumbuka siku, wakanyamaza. Cosima hakucheka. "Bahari imezibwa," akasema. "Kama kuna jahazi huko nje halioni hata pua yake. Pigeni kengele angalau."

"Siku ya Kushusha kengele hazipigwi."

"Nani alisema?"

"Kila mtu alisema! Babu yako alisema! Cosima, usinipandishe presha mbele za watu."

Akanyoosha mkono kwenye kipande cha Vito. Hapo Cosima akakipokonya. Akakibana kwapani, akarudi nyuma kama mwizi wa kuku. Umati ukaguna. Haikuwahi kutokea.

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "rudisha mkate."

"Sirudishi, mama."

"Unadhani mimi sikutaka kuuficha wa mume wangu? Niliutaka mpaka meno yakauma. Ukiuficha, utaoka kila siku ukitazama mlango, na mikate yote itaungua. Nisikilize. Mimi namlilia mtoto wangu, wewe unanipigia kelele."

Maneno hayo yalimchoma Cosima kuliko kelele za Pantaleo. Akaona macho ya yule mama, makavu, yamechoka. Alijua akikirudisha kipande, Vito atakuwa amekufa, hata kama bado anapumua mahali fulani. Na asipokirudisha, atakuwa mwehu wa mji. Basi akaacha kugombana na watu, akaenda kugombana na jiwe.

Alisimama mbele ya Nguzo ya Kuaga akaibandika kiganja, si kwa upole. Sauti ya jiwe ilikuwa nzito na ya chini, ilisikika na aliyeligusa tu.

"Wewe," akasema Cosima. "Mpenda mabusu. Vito wangu alikubusu hapa hapa. Yuko wapi?"

"Wengi wananibusu," ikajibu nguzo. "Siwakumbuki wote. Yule mwenye sikio lililokunjamana?"

"Huyo huyo."

"Kijana mzuri. Alinimwagia divai ya bei. Alikwenda."

"Kwenda najua! Alirudi?"

 Nguzo ikasema, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hajawahi kukifikiria, "Sijui. Mimi natazama huku."

"Miaka yote hiyo umewasukuma watu majini, na hujageuza shingo hata mara moja kuona wamefika wapi? Mlango wa banda la mbuzi una akili kukuzidi. Wenyewe angalau unafunguka pande zote mbili."

Hakuna aliyewahi kuisema hivyo nguzo ile. Tangu izaliwe ilisikia sifa tu. Cosima aliisikia marumaru ikipata joto chini ya kiganja chake, kama uso wa mtu aliyeaibika. Halafu ikaanza kusaga. Vumbi likamwagika. Watu wakateremka ngazi mbio wakipiga ishara ya msalaba, wakidhani ardhi inatikisika. Polepole, kwa mlio wa mawe ya kinu, Nguzo ya Kuaga ikageuka, ikaitazama bahari kwa mara ya kwanza.

Kichwa chake kilikuwa juu ya ukungu. Iliona jua, iliona weupe umetanda mpaka upeo wa macho, na katikati ya weupe iliona ncha za milingoti miwili.

"Kuna jahazi," ikasema. "Liko karibu. Linakwenda vibaya, linaelekea kwenye miamba iliyo nje ya mlango. Na ndugu yangu..." Ikasita. "Ndugu yangu hakuwa anatetemeka kwa baridi. Amekuwa akitikisa mikate tangu asubuhi. Hana mdomo, kwa hiyo anatikisa alichopewa. Na mimi nilikuwa namcheka."

"Waite!" Cosima akasema. "Piga kelele!"

"Sauti yangu haifiki hata kwa yule mzee wako wa kamba. Sina sauti, binti. Nina uzito tu."

Cosima akaelewa kabla haijamaliza: nguzo ilitaka kujiangusha. Mkono wake haukutaka kubanduka. Kumbukeni, hata yeye alikuwa ameibusu siku ya harusi yake, alipokwenda na Vito kwa mashua kumsalimu shangazi ng'ambo.

"Mdomo wangu haujakuvunja," akajaribu mzaha, "nawe unataka kujivunja mwenyewe?"

"Ondoa watu," ikasema nguzo. "Na umwambie mwenye sikio kwamba sasa nimemkumbuka."

Cosima aligeuka akapaza ule mdomo wake ambao wote walikuwa wakiulalamikia. "Ondokeni chini! Pantaleo, toka hapo! Mama, njoo huku, mama!" Akamvuta mama mkwe mkono, na watu wakatawanyika kama kuku.

Nguzo ya Kuaga haikuanguka yote kwa mpigo. Iliachia kipande cha juu kwanza. Kikagonga ngazi kwa kishindo kilichotikisa vioo vya mji, kikabingirika mpaka majini. Ikangoja kidogo. Ikaachia cha pili. Ikangoja. Cha tatu. Ilikuwa inajipiga kama ngoma, kipande baada ya kipande, ili mwenye masikio huko nje ajue mji uko upande gani. Mpaka kikabaki kipande cha chini kabisa, hicho mnachokiona.

Kimya. Vumbi limepanda, ukungu umeshuka, vimechanganyika. Kisha kutoka huko kusikoonekana likalia baragumu la kombe la baharini, sauti nyembamba, kama mtoto wa mbuzi anayemwita mama yake.

Nunziata, yule mama asiyetaka kelele, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Aliinua nguo yake nyeusi mpaka magotini, akapanda mnara wa kanisa, akaning'inia kwenye kamba ya kengele kwa uzito wake wote.

"Leo hazipigwi!" Pantaleo akapiga kelele kutoka chini, kwa mazoea tu.

"Njoo unizuie, mzee mzembe wewe!" sauti ikajibu kutoka juu. Pantaleo akatazama kamba yake, akatazama mnara, akapanda kwenda kusaidia kuvuta.

Jahazi likaingia kwa kufuata kengele, tanga limechanika, mabaharia wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Upepo uliwatupa mbali, wakazunguka mpaka wakapoteza mwelekeo. Vito akashuka akiwa na ndevu za mtu mwingine kabisa. Cosima hakumkumbatia. Alimnyooshea kipande cha mkate.

"Kwanza tuone," akasema.

Vito akaingiza mkono kifuani akatoa chake. Kilikuwa kimelowa na kukauka mara nyingi, pembeni kimegugunwa na panya, lakini meno ya mvunjo yakakubaliana. Cosima akavichovya vyote viwili pale pale kwenye maji ya bandari, wakala wamekaa ngazini katikati ya vifusi vya marumaru, na mama mkwe akaletewa kipande chake huku bado anahema.

"Kigumu," Vito akasema akitafuna.

"Hukurudi kwa wakati," Cosima akajibu. "Na kuna mtu ameniagiza nikwambie amekukumbuka." Akamwonyesha kisiki. Vito akakiendea, akakibusu. Hakuna anayejua kama kilijibu. Aliporudi ngazini alikuwa anajifuta macho, akasema ni chumvi.

Vipande vya nguzo vilivyobaki vililala hapo muda mrefu, mpaka baadaye watu wa Lecce, mji wa jirani usio na bahari hata ya kunawia miguu, wakavichukua wakavisimamisha tena, wakaweka juu yake sanamu ya mtakatifu wao. Mkipita huko mtamwona yuko juu, amebebwa na jiwe lililojifunza kubeba watu badala ya kuwasukuma.

Na tangu siku hiyo, katika Brindisi ya hadithi hii, Siku ya Kushusha haikurudi tena, na ukungu ukiingia kengele zinapigwa, iwe siku gani. Nguzo ya kuagia hakuna. Anayeondoka na anayerudi wote wanaigusa ile ile iliyobaki, inayotazama bahari, kwa hiyo hata mtu akiondoka anakuwa tayari ameshaanza kurudi. Wageni wanapanda ngazi, wanakitazama kisiki, wanatikisa vichwa: maskini, ilivunjika. Waacheni waseme. Nyie mnajua kwamba siku nguzo ile ilipogeuka kuwatazama watu wake, ndiyo siku iliposimama ndefu kuliko siku zote.