Kiwiko cha Nyanjige

Sogezeni mikeka, wenzangu, uongo wangu unapita, na ukikosa nafasi utawakalia mapajani.

Zamani, alfajiri moja ya kipupwe, zimwi la ziwani lilimtia mvuvi Malima ndani ya mgono, mtego wake mwenyewe wa samaki. Mkewe Nyanjige akaja mbio na wavu.

"Utautupa mara moja tu, kabla jua halijazama," zimwi likasema. "Ukipata perege, mchukue mumeo. Ukikosa, namtafuna. Tangu baridi ianze sijaonja samaki."

Nyanjige akachovya kiwiko ziwani, kama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Yalikuwa baridi kali. "Bado."

"Mama watoto, tupa!" Malima akalia. "Wanaume huvua alfajiri!"

"Na mwanaume ndiye aliyemo mgononi. Tulia."

Jua lilipopanda akachovya tena. "Bado," akasema. Zimwi likaanza kunoa meno.

Alasiri akachovya mara ya tatu. Maji ya ukingoni yalikuwa vuguvugu. Mtoto angeyapenda, na perege nao wangetoka kilindini kuyafuata. Akatupa. Wavu ukarudi mzito mpaka zimwi likamsaidia kuuvuta.

Likala, likacheua, likamfungua Malima, kisha likakunja mkono wake wenye magamba. "Kiwiko hiki, mama?"

"Hicho hicho."

Tangu siku hiyo zimwi halijala mtu. Malima naye kila kipupwe hulala mpaka mchana, akisema huo ndio utaalamu.

Uongo wangu umeshiba, nao unakwenda kulala.