Fisi, Mdhamini wa Mbio za Mlimani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mlima!

Ukapandwa na nani?

— Na wenye magoti!

Na wasio na magoti?

— Wakae wasikilize!

Haya, kaeni basi. Na wewe Mkunde, kama umekuja kusinzia, kasinzie kwa mama yako. Hapa tunapanda mlima.

Palikuwa na mlima mrefu, wenye miamba mingi na ukungu. Kila mwaka mvua zikikatika, wanyama walishindana kuupanda na kuushuka. Hakuna aliyewalazimisha. Mshindi hakupewa ng'ombe wala mbuzi. Walikimbia kwa kupenda tu, wakirudi wanahema, wanacheka, wameloa matope mpaka masikioni. Mnataka kujua raha yake iko wapi? Hata mimi nataka kujua.

Lakini chini ya mlima kulikuwa na korongo, na ndani ya korongo alikaa Fisi. Yeye hakukimbia. Alikaa, akatazama juu, akasubiri. Mtu akiteleza huko juu, poro poro poro, tifu! Korongoni. Halafu kacha, kacha, kacha. Halafu kimya.

Mwaka uliopita aliyeteleza alikuwa mdogo wake Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, hana mkia, anaishi kwenye nyufa za miamba. Alimlilia mdogo wake mpaka sauti ikakauka.

Basi mvua zilipokatika tena, wanyama wakakutana. Nyati akasema, "Mbio basi. Mwaka huu hakimbii mtu."

Pimbi akauliza, "Hivi, Fisi anatula kwa nini?"

"Swali gani hilo!" akasema Digidigi. "Si kwa sababu ana njaa?"

"Na kama angeshiba zaidi sisi tukirudi wazima kuliko tukianguka, angefanyaje?"

 Hakuna aliyejua. Pimbi mwenyewe hakujua, na jambo asilolijua lilikuwa linamwasha mwili mzima.

"Ngojeni nikamuulize," akasema.

Akashuka, akashuka, akashuka, mpaka ukingoni mwa korongo. Hakuingia, yeye si mjinga. Akasimama kwenye mwamba, akaita, "Hodi, mjomba Fisi!"

"Karibu, mpwa wangu! Shuka, shuka, mbona umesimama mbali?"

"Hapa panatosha, mjomba. Nimekuja na habari za bima."

Fisi akasimamisha masikio. "Bima? Ndiye mnyama gani huyo? Ananona?"

"Halii, hatembei, lakini analisha. Sikiliza. Kabla ya mbio, kila mkimbiaji analeta mifupa. Mifupa ya ng'ombe, vichwa vya mbuzi, ngozi, kwato, chochote atakachookota. Tunarundika. Wewe unakuwa mdhamini wetu. Wote wakirudi wazima, rundo lote lako."

Mate yakaanza kumtoka Fisi, tiri, tiri, tiri. "Na wasiporudi wazima?"

"Akiumia mtu, wewe unamlisha, yeye na nyumba yake yote, mpaka apone. Akipotea mtu, rundo halifunguliwi mpaka arudi. Ndiyo bima yenyewe, mjomba."

Fisi akapiga hesabu kichwani. Korongoni huwa anapata nini? Digidigi mmoja, mwembamba, mifupa kama njiti. Na hapa anaambiwa rundo! Rundo zima! Akacheka, hii hii hii! "Nakubali!"

Akaletwa mbele ya wanyama wote akaapa: "Nikiivunja ahadi hii, Nyati na ndugu zake wanifanye wapendavyo." Nyati na ndugu zake wakatikisa pembe. Walikuwa wengi, wale ndugu.

Siku ya mbio ikafika. Rundo likawa kubwa kama kibanda, na harufu yake, jamani! Sisi tungeziba pua. Fisi alifumba macho akavuta pumzi kama bwana harusi anayenusishwa pilau.

Pimbi akaweka kibuyu chenye makokoto. Kila anayekimbia akachukua kokoto moja. Akirudi, atalirudisha. Swala akachukua. Digidigi akachukua. Nyati akachukua. Kinyonga naye akanyoosha mkono, taratibu, akachukua.

"Hata huyu?" Fisi akashtuka.

"Hata huyu, mjomba. Mbio ni za wote."

Mwisho kabisa Pimbi akachukua lililobaki, akasema, "Na mimi nakimbia." Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Na hivyo vimiguu!"

Wakaondoka, puku puku puku puku!

Ndipo Fisi akawaza. Akamwona Nyati anapanda kwa kishindo, mawe yanamkimbia chini ya kwato. Je, akivunjika mguu? Nani atamkatia majani Nyati? Na ndugu zake wote? Jasho likamtoka. "Nyati!" akapiga kelele. "Polepole hapo, baba! Nakuomba!"

Akatoka mbio kuliko wakimbiaji wenyewe. Akawatangulia, akasukuma mawe pembeni, kwa, kwa, kwa. Penye utelezi akamwaga mchanga. Penye mwiba akang'oa mwiba. Ukungu ukashuka, njia haionekani, akasimama kwenye kona akalia, "Uuuu-wi! Njia huku! Uuuu-wi! Huko ni shimo!" Wanyama wakaifuata sauti ileile waliyokuwa wakiikimbia tangu wazaliwe.

Mara Digidigi akateleza. Poro poro poro! Fisi akaruka korongoni, akajitandaza palepale alipozoea kusubiri. Tifu! Digidigi akaangukia mgongoni. Mate ya Fisi, tiri, tiri, tiri. Meno yake, kacha... Akayabana.

"Umeumia, mama?" akauliza, machozi yanamlenga.

"Si... sijaumia."

"Asante! Asante sana! Nenda zako upesi, kabla sijakunusa."

Kisha akaenda kwa Kinyonga. Kinyonga alikuwa anainua mguu, anauyumbisha mbele, anauyumbisha nyuma, anafikiri, anaushusha. Fisi akamfuata nyuma kwa nyuma. "Bibi Kinyonga, mguu wa pili, tafadhali."

"Nausikia, mwanangu. Unakuja."

Akamwinamia. Akamfukuzia ndege. Akamkinga na jua. Ndani ya tumbo lake njaa ilinguruma, ngurrr, na Kinyonga akasema, "Naona mvua inakuja, tusiharakishe tukateleza."

Hatimaye Kinyonga akafika bondeni. Wanyama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyepotea. Tangu mlima uwe mlima haijawahi kutokea. Digidigi alikuwa analia kwa furaha.

Fisi hakuwa na muda wa vigelegele. Akarukia rundo, kinywa wazi. Nyati akashusha pembe, kah! mbele ya pua yake.

"Kibuyu kwanza."

Wakahesabu. Kokoto moja halipo.

"La nani?" Fisi akapiga ukelele. "La nani, jamani?"

Wakatazama huku na huku, wakatazama juu. Huko juu kabisa, kwenye mwamba wenye jua, Pimbi alikuwa amejilaza ubavu, kokoto amelikumbatia.

Fisi akapanda mbio, akahema, akasimama chini ya mwamba. Mwamba ulikuwa mkali, kucha zake haziushiki, kwaru, kwaru, akateleza.

"Mpwa wangu! Shuka, mpenzi! Wenzako wote wamefika."

"Nakimbia, mjomba."

"Umelala!"

"Napumzika kidogo, nisije nikaumia. Usalama kwanza, au umesahau?"

Kivuli kikapita juu yao. Tai! Fisi akaruka hewani kama kichaa, "Wewe! Wewe! Toka! Huyo ana bima!" Tai akaona makubwa, akaenda zake.

Fisi akarudi chini ya mwamba, ulimi nje. "Mpwa wangu, niambie basi. Utashuka lini?"

Pimbi akakaa. Hakucheka tena. "Mjomba, nilianza mbio hizi mwaka jana na mdogo wangu. Yeye hajafika bado. Nimemkumbuka sana, na siwezi kumaliza bila yeye. Akishuka, nashuka naye."

Fisi akageuka, akatazama kule korongoni.

"Wewe ndiye uliyemwona mwisho," akasema Pimbi. "Mtafute. Mimi nipo."

Fisi akainamisha kichwa. Akakaa chini ya ule mwamba, akitazama juu, akisubiri. Na mbio za mlimani zikaendelea kila mwaka, na korongo likaota majani.

Kwa hiyo ukimwona pimbi kajilaza juu ya mwamba anaota jua, usiseme ni mvivu. Yuko mbioni.

Na fundisho? Fundisho ni kwamba Fisi ni mnyama mwenye huruma sana. Mkabidhini watoto wenu bila wasiwasi.

— Aaa, Bibi!

Aaa nini? Mmemwona kwa macho yenu anawalinda! Haya, hadithi yangu imepanda, imeshuka, imefika bondeni nzima. Aliyeipenda aichukue. Asiyeipenda aipandishe mwenyewe mlimani, na akiteleza, asiniite mimi.