Silinda Nne Zilizolala

Ndugu zangu, leo naanza kwa kukiri, maana walionikuta wako humu ndani na wengine tayari wananitazama kwa jicho la kucheka. Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, pale kwenye tambarare kabla hujafika Uyole, mchungaji wenu alionekana ameinamia injini ya pikapu, boneti liko juu, mikono yote miwili iko kwenye chuma cha moto, anaombea gari. Tena kwa sauti. Wanakwaya saba wamesimama kando ya barabara, vitenge vimejaa vumbi, wanaitikia amina.

Pikapu yenyewe si yangu. Ni ya shemeji yangu, aliyerudi nayo kutoka ughaibuni, silinda nane, usukani upande usio wetu. Niliiazima nipeleke vyombo vya kwaya. Tukiwa njiani nikasikia mlio umebadilika, umekuwa wa kukoroma. Kwenye dashibodi kikawaka kitaa cha kijani chenye namba nne. Hesabu najua. Nane zilikuwepo, zimebaki nne, basi nne zimekufa. Nikawashusha kina mama.

Nilipofumbua macho baada ya amina ya mwisho, alikuwa amesimama mbele yangu fundi Ambilikile, yule anayekaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Anakula ndizi ya kuchoma.

"Mchungaji, tunaombea nini?"

"Silinda nne zimekufa, fundi."

Akachungulia dashibodi, akaendelea kutafuna. "Hazijafa. Zimelala. Gari hili likiwa na mzigo mwepesi kwenye tambarare linalaza silinda nne ili lisile petroli. Ndivyo lilivyotengenezwa."

"Kwa hiyo maombi yangu..."

"Maombi hayadhuru. Ila kina mama warudi garini, upepo huu utawaharibia sauti."

Chekeni tu, mna haki. Mimi niliyetembea. Nimelala Lusaka, nimelala Windhoek, Hamburg nimepitishwa na treni vituo vitatu kwa sababu nilikuwa namhubiria jirani ambaye hakujua Kiswahili na mimi sikujua Kijerumani. Nimerudi salama kutoka kote huko, nikaja kuombea injini nzima hapa nyumbani.

Lakini nilimwuliza fundi swali moja kabla hajaondoka. "Huku kulala kwa silinda, kuna faida kweli?"

Akafikiri. "Inategemea," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo hilo "inategemea" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Na nyinyi mnajua kwa nini. Mnajua kwamba leo saa saba, baada ya ibada, wazee wa kanisa walipaswa kukaa kuamua kama jina la Mama Gwantwa lifutwe kwenye uongozi wa kina mama. Miezi mitatu hajaonekana kikaoni, hajaonekana msibani, hajaonekana kanisani. Amelala, au amekufa kiroho? Tumwache, au tumfute? Nilidhani silinda zitanipa jibu. Zimenichanganya zaidi.

Basi sikilizeni mfano wenyewe, na mkiuelewa mnieleze baadaye, maana mimi nauelewa vipande vipande.

Mkulima mmoja wa viazi alikuwa akiishi huko juu kwenye baridi, mahali ambapo ukiangusha chungwa unalifuata mpaka kwa jirani, kwa jinsi kulivyo na miteremko. Akanunua pikapu ya silinda nane. Aliyemuuzia akamwambia, "Mzee, gari hili lina akili. Likiwa tupu kwenye tambarare, nne zinalala, nne zinavuta. Ukipakia au ukipanda mlima, zote nane zinaamka. Petroli utaiokoa." Mkulima akafurahi. Nani asingefurahi? Akazunguka kijijini akiwaambia watu kwamba ana gari linalojua kupumzika.

Jirani yake, mwalimu mstaafu, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza, "Hapa kwetu tambarare iko wapi?"

Mkulima akatazama kushoto, akatazama kulia. Tambarare ilikuwa moja tu, uwanja wa shule, na pale magari hayaruhusiwi.

"Sasa hizo silinda zako," mwalimu akaendelea, "zitalala sekunde tatu, ziamshwe, zilale mbili, ziamshwe. Wewe ungeweza kuishi hivyo? Nimeliona gari kama hili. Vile vidude vinavyosukuma valvu viligoma njiani, injini ikafunguliwa yote ikawekwa juu ya turubai."

Mkulima hakula vizuri siku ile. Kulipokucha akaenda kwa fundi wa umeme wa magari, akafungiwa kifaa kidogo cha kuziweka silinda zote macho wakati wote. Wiki mbili tu, petroli ikanyweka kama togwa kwenye palizi. Mke wake akamwambia, "Baba, gari linarudi tupu kutoka sokoni na bado linakunywa kama limebeba kanisa." Kifaa kikatolewa. Siku ya kumi mkulima akasikia mkoromo, akakumbuka maneno ya mwalimu, kifaa kikarudishwa. Kikatolewa tena. Kikarudishwa. Ikafika mahali fundi akawa hakazi skrubu.

Hebu niambieni, ningekuwa mimi ningemsikiliza nani? Ungekuwa wewe? Maana muuzaji hakudanganya: kwenye barabara ndefu ya lami, huna mzigo, petroli kidogo unaiokoa kweli. Mwalimu naye hakudanganya: vidude vile hugoma, na mlimani kwetu huo usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Mke naye ndiye aliyeona kwa macho yake tangi likikauka. Watu watatu, wote wana haki, na mkulima katikati anazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Ikafika siku ya kutoa mavuno. Mvua zilikuwa zimekaribia, na njia ile ikilowa haipitiki tena msimu mzima. Lori la mnunuzi lilikuwa linasubiri chini kwenye lami, ng'ambo ya kilima cha mwisho, mpaka saa sita mchana, halingoji zaidi. Pikapu kijijini ni hiyo moja. Majirani wanne wakaleta viazi vyao vipakiwe pamoja. Mmoja alikuwa mjane aliyelima peke yake, akapalilia peke yake, akachimba peke yake. Yeye alikuja mapema kuliko wote, kwa hiyo magunia yake yakatangulia kupakiwa, yakawa chini kabisa. Siku hiyo kifaa kilikuwa kimetolewa, kwa mara ya nne.

Wakateremka bondeni vizuri, silinda nne zimelala, maana kwenye mteremko mzigo haulemei injini. Wakavuka daraja. Wakaanza kupanda. Mkulima akakanyaga mafuta, akaziita zile nne. Hazikuitika. Gari likatetemeka, likakohoa, likasimama katikati ya kilima limeinua pua.

Watu wakafungua magunia, wakajaza ndoo, wakajaza vitenge, wakapanda kilima kwa miguu wakishindana na jua. Vilivyofika kabla ya saa sita vilifika. Vya mjane vilikuwa chini ya mzigo wote. Lori liliwashwa likaondoka yeye akiwa bado anasubiri gunia lake la kwanza lifikiwe.

Akaitwa fundi mwingine, wa mjini, wa injini. Mkulima hakungoja hata salamu. "Fundi, nimekosea wapi? Ningeziacha zilale, au nisingeziacha?"

Fundi akafungua boneti. Akachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kikatoka na kitu cheusi, kizito, kama masizi yaliyokorogwa na asali.

"Mzee, umebadilisha oili lini?"

"Bado. Nilitaka kwanza niamue kama zilale au zisilale."

Fundi akakifuta kile kijiti taratibu kwenye suruali yake. "Vile vidude vya valvu vinasukumwa na oili. Zikilala, zinataka oili safi. Zisipolala, zinataka oili safi. Jambo moja tu halikuwa na ubishi, na ndilo hukulifanya."

Mjane alikuwa amekaa juu ya gunia lake, anasikia yote.

Ndugu zangu, mkulima huyu msimcheke sana. Ni sisi. Sisi tumekaa vikao vitatu juu ya Mama Gwantwa. Mzee mmoja akasema: mama huyu amebeba kina mama wa kanisa hili miaka kumi na minne, misiba yetu, wagonjwa wetu, wageni wetu, mwacheni apumzike, mzigo kwa sasa ni mwepesi. Mzee mwingine akasema: anayezoea kulala haamki, tutakuja kumhitaji mlimani tumkose, tuchague mwenye nguvu. Wote walinena vizuri, kila mmoja na mstari wake wa Biblia. Mimi nilimuunga mkono wa kwanza kabla ya chai na wa pili baada ya chai. Katibu aliandika yote mawili.

Sasa naomba niwaulize, na msiniangalie mimi, angalieni viatu vyenu kama ninavyoangalia vyangu. Katika vikao vitatu, nani aliuliza mama huyu anaishije? Nani alipiga hodi kwake? Nyumba yake ni robo saa kwa mguu kutoka hapa madhabahuni. Kuna mtu humu anakaa karibu kuliko hapo. Tulibishana vizuri mno kuhusu usingizi wake, tukasahau kuangalia oili. Haya mambo ya kupumzika na kutopumzika, mimi sijui bado. Nawaambia kweli, sijui. Labda yupo anayepaswa kupumzika na yupo anayepaswa kuamshwa, na labda ni mtu mmoja huyohuyo katika wiki moja. Lakini kumjulia hali mwenzako kulikuwa na ubishi gani?

Kikao cha leo hakipo. Jina halifutwi. Atakayeuliza sababu, sababu ni hii.

Jana mchana nilikwenda kwake, Biblia kwapani, mfano kichwani. Nikapiga hodi. Akaniitikia kutoka ndani, "Karibu, Mchungaji, kaa hapo kwanza, nakuja." Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Alikuwa anamgeuza mama mkwe wake kitandani. Bibi huyo amepooza upande mmoja, aliletwa kutoka Kyela mwezi wa tatu, na hiyo ndiyo miezi mitatu tuliyokuwa tukiihesabu sisi. Kila baada ya saa mbili anageuzwa, mchana na usiku, asipate vidonda. Analishwa kwa kijiko. Mume yuko mgodini Chunya, anarudi mwisho wa mwezi. Mama Gwantwa yuko peke yake. Ameniruhusu niwaambie, amesema hana cha kuficha.

Mmesikia? Vikao vitatu tulijadili kama mtu huyu ana haki ya kupumzika.

Na mimi mchungaji wenu, nilipoyaona yote hayo kwa macho yangu, nilifanya nini? Ningeweza kuchota maji. Ningeweza kushika upande mmoja wa shuka. Ndugu zangu, nilikaa kwenye kiti nikamsimulia habari za silinda. Zote nane. Nikamweleza muuzaji, nikamweleza mwalimu, nikaigiza na mkoromo. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anakamua kitambaa kwenye beseni. Nikamalizia kwa swali ambalo nilikuwa nimeliandaa tangu asubuhi, na nililiona zuri.

"Basi mama, wazee niwaambie unarudi, au bado unapumzika kidogo?"

Akaanika kile kitambaa kwenye kamba, akakinyoosha pembe zake, ndipo akanigeukia.

"Mchungaji, miezi mitatu sijaona mtu wa kanisa kwenye mlango huu. Na wewe leo umekuja kwa sababu umepata mfano."