Msala wa Mke Mwenza Kanuna

Sogeeni, na mwenye sikio alilete karibu.

Palikuwa na ndugu watatu huko Pemba, mabinti wa Bi Rehani, msukaji mikeka. Saada alijaliwa sikio, alichokisikia hakimtoki. Mize alijaliwa vidole. Tatu, aliyeolewa Unguja, alijaliwa akili za mtandao.

Bi Rehani alikuwa na nakshi yake peke yake, ikiitwa Mke Mwenza Kanuna. Hakumfunza mtu. Alipofariki ulibaki ukili mmoja tu, ule utepe wa miyaa, majani ya kusukia, unaoshonwa ukawa mkeka. Mize hakuuachia, maana ulikuwa ungali unanukia mama.

Saada ndiye aliyemuuguza miezi saba, akimsikia akihesabu katika homa: "Mbili juu, moja chini, ruka, nuna." Akaishika yote. Lakini "nuna" ni nini? Kila wakisuka, nakshi inapinda.

"Huyu si mke mwenza," Saada akasema, "huyu mkwe!" Wakacheka, kisha wakalia.

Basi Mize akauchukua ule ukili, akaanza kuufumua.

"We Mize! Unafumua mkono wa mama?"

"Nautafuta ulikopita, dada."

Akaikuta "nuna": mwaa unakunjwa kwa ndani, unawapa wenzake mgongo. Nakshi akaijua. Lakini mapajani pake palibaki majani makavu, na harufu imekwenda.

Tatu hakuwahi maziko, siku ile alikuwa anajifungua. Alipokuja alirekodi sauti ya Saada na vidole vya Mize, akaviweka mtandaoni bure, somo kwa somo, kwa wanafunzi na kila atakaye. Miaka miwili akijibu maswali ya watu asiowajua, mtoto mgongoni.

Siku moja wasichana wa skuli moja ya bara wakatuma shukrani, msala, mkeka wa kusalia, waliousuka wenyewe, nakshi ile ile kamili. "Kwa binti wa Bi Rehani," waliandika. Ile sauti, vile vidole, yale majibu, walidhani ni mtu mmoja.

Mize aliutaka sana, lakini akausogeza kwa dada yake. Akasema, "Chukua, Saada, ulimuuguza."

"Ukili wako ulikufa ili huu uzaliwe, mdogo wangu."

"Mimi sikumzika," Tatu akasema taratibu. "Sina hata pa kumlilia."

Kuukata haukatiki, utafumuka. Mpaka leo umekunjwa juu ya kitanda cha mama, hakuna aliyeusalia.

Je, ungekuwa wewe, ungemtandikia nani?