Fisi na Wimbo wa Kunde

Zamani hizo, wakati fisi bado anaalikwa harusini, Bonde la Kivuma lilikaa misimu saba bila tone la mvua. Njaa ikabisha hodi, ikaingia, ikajikalia. Majembe yakaota kutu na ngoma zikawa nyumba za buibui. Watoto wakakua hawajui shimo la kunde linachimbwaje, wala hawajawahi kuwasikia wazazi wao wakiimba.

Kisha mvua ikaja, jamani, ikanyesha mpaka vyura wakaomba radhi. Lakini bonde zima lilikuwa limebakiwa na kapu moja tu la mbegu za kunde, ambalo Bi Kanga alililalia kiangazi chote kama mayai. Kapu hilo likipotea, hakuna atakayevuna.

Fisi alipoliona, tumbo likamwita kwa jina. Hakuwa na ubaya na mtu, maskini. Alikuwa na njaa tu, na njaa yake haikujua kusema basi.

"Shikamoo, mfalme," akamwambia Simba. "Kulima waachie wenye nguvu. Mimi mgongo umepinda, nipe hiki kijikazi cha kupanda."

"Marahaba. Panda," Simba akasema bila kumtazama, maana alikuwa akijichana manyoya ya shingo.

Sungura akasikia, masikio yakamsimama. Angesema Fisi atakula mbegu, Fisi angeapa kwa kaburi la mama yake. Kwa hiyo akasema jambo jingine.

"Mfalme, watoto hawa hawajui kupanda. Tuwafundishe kwa wimbo, kama walivyofundishwa babu zetu. Kila mpandaji aimbe: hatua moja, shimo moja, kunde mbili, funika. Na kila shimo likifunikwa, jina lako litajwe."

Simba akageuka. "Kila shimo?"

"Kila shimo, mfalme."

Simba akapanda juu ya kichuguu ili asikie vizuri.

Basi ngoma zikapanguswa, Kobe akashika msondo, na shamba likachangamka! Twiga alikata kiuno mpaka akasahau jembe. Watoto wakapanda wakiimba, wakakosea, wakacheka, wakarudia, na kabla ya mchana walikuwa wanawasahihisha wakubwa.

Fisi naye alianza vyema. Kunde mbili shimoni, nne shavuni. Kutafuna hakuthubutu, zingelia kau kau wakamsikia. Akaona aziweke tu, akazile nyuma ya kichaka. Shavu la kulia likajaa, akahamia la kushoto. Tamaa ikamnong'oneza kwamba chini ya ulimi bado kuna nafasi. Kuanzia hapo akawa anafunika mashimo matupu, na wimbo wake ukabaki "mmm mmm, mmm mmm," huku akitikisa kichwa kwa madaha ili ionekane ni ufundi.

Simba akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Nani huyo anayelimung'unya jina langu?"

Shamba zima likamtazama Fisi. Sungura akasogea kwa upole wote. "Kaka Fisi ana sauti nzuri, mfalme, ni haya tu. Mwambie atuimbie peke yake."

"Imba," Simba akasema.

Fisi akatazama kichaka, kilikuwa mbali. Akatazama meno ya Simba. Hayo yalikuwa karibu. Akafumba macho, akafumbua kinywa, na kunde zikamiminika, zikamtoka mpaka puani, na moja ikaruka ikamgonga Simba katikati ya paji la uso.

Watoto walicheka hadi wakagaagaa matopeni. Bi Kanga hakucheka. Aliziokota moja moja, akazipangusa mate kwa bawa lake.

"Hiki ni chakula cha wanangu, Fisi," akasema. "Ulitaka wale nini?"

Fisi akaufunika uso kwa makucha.

"Kuanzia leo mwimbishaji ni wewe," Simba akaamua. "Utasimama mbele, kinywa wazi, mpaka mavuno."

Mashimo matupu yakafukuliwa, yakapandwa upya. Fisi akaimba msimu mzima, akitaja kunde kutwa nzima na asionje hata moja. Zilipoiva, bonde likala, likacheza, likala tena. Fisi akaletewa bakuli lake mwisho kabisa, na alipolinyooshea mkono, watoto wakalivuta nyuma.

"Imba kwanza," wakamwambia.

Mla kwa mikono miwili hana mwisho mwema.